Mvua za Kupandia

Matope yaliposhuka kutoka mlima Hanang yaliichukua nyumba yetu ya Katesh, mume wangu akiwa ndani. Mimi na binti yangu tulikuwa kwa jirani. Baada ya mazishi dada yangu alitupeleka kwake Endagikot, akanitenga kama desturi yetu inavyotaka: kigoda changu, kikombe changu, hakuna kupeana mkono na mtu, ili msiba usiwafuate wengine. Watu walinionea huruma. Ukweli ni kwamba nilipapenda pale pembeni. Hakuna aliyenitaka nicheke.

Muda ulipokwisha wazee walikuja kunitoa. Niliwaamkia, nikawapa mkono, nikanywa pombe kidogo, kisha nikarudi kukaa palepale. Dada, ambaye hana subira hata na kuku, alisema nimezoea kuletewa chakula. Binti yangu aliponikumbatia nilimpapasa kichwa kama ndama wa jirani. Kwamba nampenda nilijua. Kuhisi ndiko kulikogoma.

Nesi wa zahanati alitueleza kwamba ni ugonjwa unaoletwa na kiwewe: jambo limepita, lakini mwili bado unalingoja. Alitaka nirudi kila wiki tuzungumze. Dada aliuliza kama hakuna sindano, na mimi sikurudi.

Kisha mvua za kupandia zikaanza, na kila mtu akafurahi. Tulikuwa shambani, dada akichimba mashimo, binti yangu akidondosha mahindi nyuma yake. Harufu ya udongo mbichi iliponifikia, sikuwaza chochote. Nilimshika mtoto mkono nikakimbia naye kupanda kilima, tukikanyaga shamba la jirani lililokwisha kupandwa. Alianguka. Nilimburuta.

"Mama, ni mvua tu," alisema. "Unaniumiza."

Nikasimama. Kule chini watu walikuwa wameacha majembe, wanatutazama. Dada alifika akihema, akamfuta mtoto tope magotini, na safari hii hakunigombeza. Aliniuliza tu nilikuwa nampeleka wapi. Nikamwambia juu. Juu wapi, sikujua.

Jioni ile binti yangu aliomba kuhamia kitandani kwa mama mkubwa. Nikasema sawa. Alikunja blanketi lake vizuri, akapita mbele yangu bila kunitazama. Nilingoja uchungu uje. Haukuja, na hapo ndipo nikaogopa.