Mnazi Uliobaki Njiani

Naandika haya nikiwa sina hakika kama ni mimi wa kuyaandika. Shule yangu ni ya msingi tu, na katika kamati ya kisima hapa Mchinga nilikuwa mjumbe wa kawaida.

Afisa wa mradi alipokuja mara ya kwanza alituuliza wadau ni akina nani. Nimpe haki yake: aliuliza mara mbili. Tukamtajia serikali ya kijiji, imamu, kinamama wanaochota maji, na mwenye shamba ambako maji yalionekana. Mwenye shamba alikubali kwa kinywa chake minazi mitano ikatwe ili gari la kuchimbia lipite. Tukapiga makofi.

Kwetu ardhi inaweza kuwa ya mtu na minazi iliyomo ikawa ya mwingine. Kila mtu analijua hilo, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyelisema. Minazi ile aliipanda dada wa mwenye shamba, kabla hajahamia Rasbura kwa binti yake. Kila nazi zikianguliwa, fungu lake hupelekwa huko.

Siku gari lilipofika, dada huyo naye akafika. Nani alimpa habari, sijui.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba. Kamati ndiyo wewe?"

"Mmoja wao, bibi."

"Basi huyo mmoja angekuja Rasbura. Au hamkuijua njia?"

Mdogo wake, mwenye shamba, akaingilia. "Dada, kwani ardhi si yangu?"

"Yako. Na tui la futari yako linatoka kwenye udongo?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akapita akiigusa minazi mmoja mmoja. Chini ya kila mnazi alikuwa amezika kitovu cha mtoto wake mmoja.

"Hii minne kateni, wenyewe nitawaeleza. Huu, mwenyewe nilishamzika. Nitamweleza vipi?"

Minne ikakatwa. Dereva akajaribu kupita, mbele na nyuma, akashindwa.

"Mngenijia kabla ya mvua," bibi akasema, "ningewapitisha kwa nyuma, kwenye mikorosho."

Tukaenda kutazama. Kwa nyuma palikuwa tope la kufika magotini.

Mama mmoja mwenye ndoo kichwani akapaza sauti: "Bibi, wanangu wanaharisha kwa maji ya dimbwi! Na wao wana vitovu!"

Naye alisema kweli.

Mwenye shamba akalichukua shoka kwa mkataji. Nilidhani ataukata. Akaliweka chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Siwezi," akasema.

Gari likarudi kinyumenyume hadi barabarani, likaenda kijiji kingine kilichokuwa kikingoja zamu yake.

Wako wanaomlaumu bibi. Mimi naona hatukumtendea haki kumuuliza mbele ya shoka na umati, ilhali siku za kumwendea nyumbani zilikuwepo. Huenda nakosea. Mimi sichoti maji, anayechota ni mke wangu. Akirudi kutoka dimbwini huitua ndoo chini ya mnazi ule, maana upande wote ule kivuli kilichobaki ni hicho. Anapumzika kidogo, anajitwika tena, anakuja nyumbani.