Pweza Aliyekataa Kaa

Dada yangu alikuwa amejifungua, na kwetu Nkubu mzazi hatembelewi mikono mitupu. Wanawake walifika tangu asubuhi na vibuyu vya ucuru, ule uji uliochachuka, na mimi, badala ya kumpakata mtoto, nimesimama katikati ya shamba la majani chai, simu juu, natafuta netiweki kama mwendawazimu.

Kule pwani nilikuwa nimeacha pweza. Utafiti wangu ulikuwa kulinganisha wa mwambani na wa kwenye tangi, nijue nani hukua upesi. Wa tangini walikuwa wamekufa wote, isipokuwa jike mmoja. Akienda huyo, shahada yangu imekwenda naye. Na mwenzangu wa maabara alikuwa amenipigia kusema jike amekataa kaa, jana na leo.

Mimi nimekulia kwenye ng'ombe wa gredi, wale wa kisasa. Nyumbani mnyama hupimwa kwa mdomo: akila, yuko sawa, akikataa, mwite daktari. Ndivyo nilivyomfuga pweza, nikimshindilia kaa kama ng'ombe wa maziwa, akanenepa hadi nikajivuna. Netiweki ilipopatikana, nikampigia mwenzangu.

"Mbadilishie maji! Mpe samaki mbichi!" nilimfokea.

"Nimempa. Anatupa nje ya chungu anacholala."

"Basi mulika humo ndani na tochi, haraka!"

Mama akanifuata huku akihema. "Wewe! Dada yako anakuuliza. Hako kadudu kako ni kagonjwa kuliko mzazi?"

"Mama, ngoja kidogo, tafadhali."

Simu ikalia. Mwenzangu alikuwa ameona mayai, yamening'inia ndani ya chungu kama punje za mchele. Nikakaa chini palepale. Haya niliyasoma, nikayafanyia hata mtihani, lakini woga ulikuwa umenitoa akili. Shibe niliyompa ndiyo iliyomkomaza upesi hivyo.

"Amezaa," nikamwambia mama.

Akapiga makofi, akacheka. "Si ni heri! Na nani amempelekea uji?"

"Hatakula tena, mama. Atakaa hapo akiyasafisha mayai mpaka watoto watoke, halafu afe. Haina dawa."

Kicheko kikamkatika. Aligeuka akatazama nyumba, ambako wanawake walikuwa wakimwimbia dada, kisha akanifungua leso niliyokuwa nimejifunga kiunoni kuwahudumia wageni.

"Nenda pwani," akasema. "Dada yako ana sisi."