Chumba Tulichochagua Majengo

Baba yangu alikuwa seremala katika karakana ya serikali mjini Embu, na nyumba yetu ilikuwa mbali na kazi yake, juu ya kilima upande wa Runyenjes. Aliondoka Jumatatu alfajiri kwa baiskeli, akarudi Jumamosi jioni akiwa na vumbi la mbao masikioni. Siku za katikati nyumba ilikuwa ya wanawake: mama, nyanya aliyemzaa baba, mimi, na mdogo wangu wa kike ambaye bado alibebwa mgongoni. Sikuona kama kuna lolote lililopungua. Tulikuwa na migomba, tulikuwa na nduma, magimbi yetu, kando ya kijito, na shule ilikuwa chini tu ya shamba letu. Mama aliweza kusimama mlangoni akaniita nikamsikia nikiwa darasani.

Shule hiyo wazazi waliijenga wenyewe, wakachanga, wakabeba mawe, wakamtafuta mwalimu. Ilipoingia hali ya hatari wakati wa vita vya msituni, serikali ya wakoloni ikasema shule za namna hiyo zinawafundisha watu ukaidi, ikazifunga. Asubuhi moja tulikuta askari wameketi kwenye madawati yetu na mwalimu hayupo. Tukaambiwa turudi nyumbani. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kusoma Kiswahili bila kufuata mstari kwa kidole, na kwa muda mrefu baada ya hapo sikuwa na cha kusoma isipokuwa maandishi ya mkebe wa majani ya chai.

Kisha likaja tangazo la chifu. Watu wote wa kilima chetu wangehamia kijiji kipya kando ya barabara, kijiji chenye mtaro kuzunguka na lango moja linalolindwa. Nyumba za zamani zingechomwa. Baba alipewa ruhusa ya kuja nyumbani wiki ile, na jioni tulipokuwa tunakula alisema jambo ambalo alikuwa amelifikiria njia nzima.

"Msimamizi wangu anaweza kuniombea kibali. Wafanyakazi wa serikali wanaruhusiwa kukaa mjini na mke na watoto."

"Na mama yako?" mama akauliza.

"Mke na watoto," baba akarudia polepole.

Mama aliweka sahani chini. Yeye alifiwa na wazazi mapema, na tangu aolewe nyanya ndiye aliyekuwa mama yake. Walilima pamoja, wakachota maji pamoja, wakagombana kuhusu chumvi kama watu waliozaliwa tumbo moja.

Nyanya alikuwa akichambua njahi, maharagwe yetu meusi, kwenye ungo. Hakuinua macho. "Mimi nitaenda kijijini na wenzangu," akasema. "Huko mjini nitazungumza na nani? Nyinyi tafuteni mahali ambapo huyu mtoto atasoma. Tangu wafunge shule anazungukazunguka hapa kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Basi tukaenda kutafuta nyumba. Baba alitupatia pasi ya kwenda Embu na kurudi, na vizuizi vya barabarani vilituchelewesha mpaka tukafika jua likiwa kali. Mama alivaa nguo yake ya kanisani. Mimi nilikuja kwa sababu nilikuwa na Kiswahili kidogo, na mama hakuwa nacho kabisa.

Kwanza baba alituonyesha laini za wafanyakazi, vyumba vya mawe vilivyopangwa kwa safu, karibu kabisa na karakana. Alikuwa na furaha akituonyesha. "Nikitoka hapa, kabla sijamaliza kufunga vifungo vya shati nimefika kazini," akasema. Mama alichungulia ndani, akatazama choo cha watu wote, akatazama wanaume waliokuwa wamelala mchana kivulini, pombe ikinuka. Akauliza watoto wangecheza wapi. Baba akaonyesha uwanja ambapo malori yaligeuzia. Mama akamweka mtoto vizuri mgongoni, akaanza kutembea.

Mahali pa pili palikuwa karibu na misheni, chumba nyuma ya nyumba ya mzee mmoja wa kanisa. Hapo palikuwa safi. Ua ulikuwa umefagiwa, kulikuwa na mti wa mparachichi, na kengele ya shule ilisikika kama iko chumbani. Niliona mama amepapenda. Lakini yule mzee alitusimamisha mlangoni, akaanza kumuuliza baba mbele yetu kama alikula kiapo cha watu wa msituni, na ndugu zake wako wapi, na kwa nini alisomesha mtoto katika shule iliyofungwa. Baba alijibu swali la kwanza na la pili. Kwa la tatu alisema asante, akanishika mkono, tukaondoka.

Majengo, mtaa wa karibu na soko, tulienda kwa sababu palikuwa pamebaki hapo tu. Baba hakuwa na hamu napo. Watu wa kwetu waliwaogopa kidogo watu wa Majengo, Waislamu waliozungumza Kiswahili hata na watoto wachanga. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mnene mwenye leso mbili, mke wa muuza nyama. Chumba kilikuwa cha udongo na bati, dirisha moja, sakafu imesiribwa vizuri. Alitukaribisha mkekani, akatupa chai ya tangawizi kabla ya kutuuliza lolote.

Mama akanisukuma. "Muulize maji yanatoka wapi."

Nikauliza. "Mferejini, pale karibu na soko," akajibu. "Tunapanga foleni lakini hatupigani."

"Muulize watoto wa hapa wanasoma wapi."

"Wangu wanasoma Kurani chuoni, hapo nyuma ya msikiti," akaniambia. "Lakini wewe utaenda kule kwa misheni. Unapita sokoni, unapanda kidogo, umefika. Hakuna kizuizi hata kimoja njiani."

Nilipotafsiri maneno hayo ya mwisho mama aliniambia niyarudie. Kisha akasema, "Muulize kwa nini anatukubali sisi."

Niliona aibu kuuliza, nikainamia kikombe changu. Mwenye nyumba akataka kujua mama amesema nini, nikalazimika kumwambia. Hakukasirika.

"Mwambie babu yangu alifika hapa akiwa mpagazi, Mnyamwezi, hajui mtu. Nyanya yangu ni Mmeru. Huyu mume wangu ukimuuliza kwao atakuchosha mpaka kesho. Majengo hii kila mtu ametoka pahali. Mwambie hivyo."

Nilimwambia mama kwa Kiembu kadiri nilivyoweza. Alimtazama yule mwanamke, akamaliza chai yake. "Hapa," akamwambia baba.

Tuliporudi kilimani zilikuwa zimebaki siku chache kabla ya kuhama. Baba aling'oa milango kabla watu wa chifu hawajaja na moto, na mmoja tuliubeba Embu ukawa meza yetu. Nyanya aliondoka kabla yetu. Alikuwa na kiondo, jembe, na kigoda chake, na alitembea na wazee wenzake kuteremka barabarani bila kugeuka. Mama alimwita. Nyanya alinyanyua mkono tu, akaendelea.

Nitasema kweli, mimi Majengo nilipapenda upesi. Nilianza shule wiki ileile. Asubuhi nilipita sokoni akina mama wakipanga viazi, nikapanda njia ya misheni, nikafika nikiwa sijachoka. Baba alikula chakula cha mchana nyumbani kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Jioni alikaa nje na muuza nyama wakizungumza mambo ya mbao na ngozi mpaka wakati wa kafyu. Mdogo wangu alijifunza kutembea katika ua ule, akishikilia leso ya mwenye nyumba, na maneno yake ya kwanza mengi yalikuwa ya Kiswahili.

Kwa mama ilikuwa vingine. Hakulalamika. Alifagia, alipika, alipanga foleni ya maji. Lakini mikono yake ilizoea shamba, na mchana kazi ikiisha alikuwa hajui aiweke wapi mikono hiyo. Nikirudi shuleni nilimkuta amesimama pembeni mwa ua akitazama upande wa Runyenjes, ambako hakuna kilichoonekana ila mabati ya majirani. Mvua ya kwanza iliponyesha mwaka ule alitoka nje akasimama ndani yake. Mwenye nyumba akamwita aingie, atapata homa. Mama akaniambia, "Mwambie wiki hii kwetu ni kupanda." Nikamwambia. Mwenye nyumba akampa kipande cha ardhi nyuma ya jiko lake alichokuwa akimwagia majivu. Mama alikilima siku hiyohiyo.

Aliomba pasi ya kwenda kumwona nyanya. Aliambiwa asubiri. Aliomba tena, akaambiwa kuna vita msituni, asubiri. Alipoipata nilikuwa nimevuka darasa jingine. Alienda peke yake kwa lori la serikali ambalo dereva wake alijuana na baba, akarudi kesho yake jioni akiwa na matope mpaka magotini.

Baba akamuuliza hali ya nyanya.

"Amekonda," mama akasema. "Wanawake wanachimba mtaro asubuhi, shambani wanaruhusiwa saa chache tu. Nyumba zimebanana. Ukikohoa jirani anakuitikia." Akanigeukia. "Alitaka kujua kama unasoma. Nikamwambia unasoma mpaka unakera. Alicheka hadi akashika mbavu."

Alikuwa amepitia nyumbani pia, askari akimsindikiza. Kulikuwa na nguzo mbili nyeusi na migomba iliyomezwa na magugu. Alitoa kwenye kiondo machipukizi ya nduma kutoka kwenye kijito chetu, akayapanda penye maji machafu ya kuogea nyuma ya jiko. Yalimea. Tulikula nduma za kwetu tukiwa Majengo, na mama alikuwa akimega kipande, anakinusa kwanza.

Nyanya alikufa kabla mama hajapata pasi nyingine. Habari ililetwa na mwanamke aliyekuja kuuza mayai, siku tatu baada ya mazishi. Mama alikuwa akifua. Alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru yule mwanamke, akaendelea kufua nguo ileile moja mpaka mwenye nyumba alipoiondoa mikononi mwake.

Siku hiyo niliwaona watu wa Majengo walivyo. Mwenye nyumba alitandika mikeka uani. Wanawake wakaja na leso zao, wakaketi kumzunguka mama kana kwamba maiti iko ndani. Mumewe akaleta nyama, wakapika, wakawalisha watu waliopita. Mmoja akamwombea marehemu kwa namna ya kwao na mama akaitikia amina. Wakati huo alikuwa ameshajua Kiswahili, lakini kilio chake kilikuwa cha Kiembu, na alirudia neno moja la kumwita mama, "Maitu, maitu." Mwenye nyumba hakuniuliza maana yake. Alikuwa akilisema pamoja naye.

Hali ya hatari ilipokwisha, tulitazamia kurudi kwenye kilima chetu. Haikuwezekana. Mashamba yalikuwa yamepimwa upya na kuunganishwa, na sehemu yetu ikaangukia juu zaidi, karibu na msitu, penye baridi na udongo mwekundu mzuri ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeujua. Kilima chetu kilipewa ukoo mwingine. Baba alisema shamba jipya ni kubwa kuliko la zamani, na alisema kweli. Alijenga nyumba nzuri yenye madirisha ya vioo. Mama na mdogo wangu wakahamia huko. Mimi nikaachwa Majengo nimalize mtihani, nikilala na binti za mwenye nyumba.

Sasa ikawa zamu yangu. Niliwahi kudhani kwamba kinachoumiza ni kuacha mahali. Nikajua kwamba unaweza kubaki palepale, kwenye ua uleule, ukisikia adhana ileile, na mahali penyewe pakawa pameondoka. Chumba chetu kilikaliwa na karani mmoja na mkewe. Nilipita mbele ya dirisha lile kila jioni nikitoka shuleni, na kila jioni nilisikia sauti ya mwanamke ndani, nikageukia mlango kabla sijakumbuka kwamba si mama.

Mama naye, niliposafiri kwenda kumwona, aliuliza habari za Majengo tu. Nani amejifungua. Kama mferejini foleni ni ndefu. Kama mwenye nyumba mguu wake umepona. Ardhi aliyoililia miaka yote alikuwa nayo, ameipanda mahindi, maharagwe na kahawa, lakini jirani wa karibu alikuwa mbali kiasi cha kumwita kwa mkono.

"Hapa mtu anaweza kufa kwa kukosa wa kumsimulia ndoto," aliniambia mara moja tukivuna.

Nilifaulu, nikasomea ualimu, nikapangiwa shule karibu na Kianjai, upande wa pili kabisa wa Meru. Nilipewa nyumba ya mwalimu hatua chache kutoka darasani. Mama alikuja kunitembelea likizo moja, akiwa mzee kidogo, baba akiwa amebaki na ng'ombe. Asubuhi ya kwanza nilimkuta nje mapema, amejifunika shuka, anageuka huku na huku.

"Mlima wenu uko wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Ulikuwa mlima uleule wa theluji ambao kule kwetu tuliuona upande wa kaskazini. Hapa ulikuwa upande wa machweo, umbo lake jingine, kana kwamba umetupa kisogo.

"Kwa hivyo nyumbani ni nyuma yake," akasema.

Nilitaka kumuuliza nyumbani gani, kilimani, au Majengo, au kule karibu na msitu. Nilimwona anapepesa macho kwa baridi, nikaingia ndani kumtafutia sweta.