Msichana wa Kwenye Picha ya Askofu

Harufu ya tapentaini hunirudisha Kitengela, kwenye kanisa letu la mabati, siku Otieno alipomchora Askofu.

Otieno alikuwa mchoraji wa mabango ya bucha. Ng'ombe aliowachora walisifiwa hadi Kiserian, lakini macho ya binadamu yalimshinda, kwa hiyo alimpa Askofu macho ya ng'ombe mtamba. Waumini, wengi wao wafugaji, waliyapenda papo hapo. "Ona huruma hiyo," akina mama walisema. Niwaambie ukweli, macho ya Askofu mwenyewe yalikuwa makavu, na watoto hakuwasalimia.

Kando yake, Askofu alitaka achorwe mtoto aliyeponywa. Dada yangu Nashipae, aliyetembea kwa magongo tangu utotoni, akaegemezwa ukutani.

"Na magongo?" Otieno akauliza.

"Yachore chini, yametupwa," Askofu akajibu. "Hii ni picha ya imani, fundi. Hiyo ingine Mungu atamalizia."

Picha ilitundikwa juu ya mlango, na watu wakaanza kumiminika. Jumapili moja mzee wa kanisa akamzuia Nashipae.

"Wewe, magongo ni ya nini na uko hapo juu umesimama? Unataka kuaibisha Askofu?"

Akamnyang'anya. Dada yangu akaingia akitambaa, vumbi likimshika gauni. Mtu akacheka nyuma, "Huyo shetani ni mkaidi!" Askofu aliendelea kuhubiri.

Magongo hayakurudi. Mama alikuwa akifua nguo za Askofu, na ndiyo kazi iliyotulisha, hivyo hakuuliza. Alimwambia tu Nashipae abaki nyumbani.

Kisha wageni wakaja kutoka Rombo, wakaomba kumwona msichana wa kwenye picha. Nilikuwa mdogo wake kidogo tu, na sura zetu zilifanana. Mama akanivisha lile gauni la Nashipae, bila kunitazama usoni. Nikatembea mbele ya madhabahu, nikaenda, nikarudi. Wageni wakalia. Waliotujua sote wawili waliimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Nami nilifurahi, nikidhani wananipenda.

Nyumbani nilimkuta Nashipae ameketi kitandani.

"Nimetembea vizuri?" akaniuliza.

"Vizuri sana," nikajibu huku nikicheka.

Nilidhani ni mzaha. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba dada yangu hakuwa akitania: alikuwa ameshakubali kwamba Nashipae ni yule wa ukutani, na huyu wa kitandani si mtu.