Bakteria Niliowaosha kwa Klorini

Siku yangu ya kwanza kazini maabara nilikuta chupa sita kwenye rafu, zina maji ya tope na zinanuka. Kwetu mtoto wa kike huamkia vyombo. Nikazisugua kwa klorini, nikazianika dirishani, nikamsubiri Mkuu wa Maabara nikitegemea sifa.

Mkuu, mzee wa Bukoba, aliinua chupa moja, akainusa.

"Binti, humo kulikuwa na bakteria. Miezi minane nawalea."

Walikuwa bakteria wa kula sayanidi, sumu ya kuchenjulia dhahabu. Wana kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi, kinachoikata sayanidi ikabaki fomati na amonia, ambazo sumu yake ni ndogo mno. Ng'ambo ya Busisi bwawa la wachimbaji lilikuwa likivuja kuelekea visima vya kijiji, na watu walikuwa wamezuiwa kuteka. Bakteria wale ndio waliosubiriwa. Nililia mbele yake bila kujificha.

Hakunifukuza. Aliniuliza, "Kwenu mnakula udaga wa mihogo?"

"Tunakula, Mkuu."

"Basi mihogo michungu nayo ina sayanidi. Pale inapolowekwa wapo bakteria wanaoijua kazi hii."

Kesho yake nikavuka Kigongo kwa kivuko mpaka kwa bibi yangu, Sengerema.

"Yaani umesoma kote huko, unarudi kuniomba maji ya mihogo?" Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanijazia dumu.

Maabara tuliwazoesha bakteria wa maji yale sumu kidogo kidogo. Kwanza tulitia chokaa, maana maji yakiwa na uchachu sayanidi hupaa ikawa hewa ya kuua. Bakteria wengi walikufa. Waliobaki tuliwapeleka bwawani, tukawa tunapima bwawa na visima kila wiki, miezi mingi.

Asubuhi moja mama mmoja alitufuata kisimani na ndoo tupu.

"Shikamoo mzee. Leo tuteke?"

"Marahaba. Muulize huyu binti, yeye ndiye mpimaji."

Nilikuwa nimepima mara tatu. Nikapima ya nne.

"Tekeni, mama."

Sasa nimestaafu, na Mkuu ametangulia mbele ya haki. Nampenda mzee yule hadi leo. Mimi nina hasira za karibu, na vijana niliowafundisha waliharibu mengi, niliwafokea, wanajua. Ila sikumfukuza hata mmoja, na kipimo cha mwisho nilimwachia yule aliyekosea.