Dorosela na Mashine Iliyotaka Kuandikiwa

Dorosela Mligo alipiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Njombe kwa miaka ishirini na sita. Barua za uhamisho, mihtasari ya vikao, matangazo ya mbolea, vyote vilipita vidoleni mwake. Kompyuta zilipoenea, kila bosi akaanza kujiandikia mwenyewe, pamoja na makosa yake, na Dorosela akawekwa mapokezi. Alipostaafu alihamia Makambako kwa Lenard, mtoto wa kaka yake, mwenye ukumbi wa harusi karibu na njia panda. Huko alikunja vitambaa vya meza na kupanga viti. Hakulalamika, ila moyoni alijiona mtu wa zamani.

Jumamosi moja ya Juni, baridi ikiwa imekaza, kulikuwa na harusi ya Rejoice, mwalimu wa shule ya Kidugala. Bibi yake, Tabea, ambaye ndiye aliyemlea, alikuwa amelazwa hospitali ya Ilembula kwa kuvunjika nyonga. Familia ikapatana na Lenard kwamba bibi apigiwe simu ya video, na sura yake ionekane kwenye skrini zote nne za ukumbi.

Lenard alikuwa na mashine ya kazi hiyo. Kamera na kompyuta zote huchomekwa nyuma yake, nayo hupeleka picha na sauti kwenye skrini unayoichagua kwa vitufe. Saa saba mchana, maharusi wakiwa bado kanisani, vitufe vikagoma. Taa zinawaka, lakini ukibonyeza, kimya.

Lenard akampigia Anthony, fundi wake aliyekuwa Njombe.

“Vitufe ndivyo vilivyokufa, mashine ni nzima,” Anthony alisema. “Chukua ule waya wa pini tisa, uunganishe na kompyuta. Mashine hiyo inaelewa maandishi. Ukiandika 2V3 na nukta, picha ya tundu la pili inakwenda skrini ya tatu. Weka A badala ya V kama unataka sauti. Ikikubali, itakujibu.”

Lenard akaanza kudonoa kwa kidole kimoja. Akaacha nafasi pasipotakiwa, akasahau nukta. Mashine ikajibu “kosa”, na tena “kosa”. Nje honi za msafara zikaanza kusikika.

Dorosela alikuwa amesimama nyuma yake na rundo la vitambaa.

“Lenard, nipishe.”

“Shangazi, hii si barua.”

“Nimesikia alivyosema. Nipishe nikae.”

Akakaa, akanyoosha mgongo. Simu ya bibi ilikuwa tundu la tano. Akaandika haraka, mashine ikajibu “kosa”. Dorosela akatazama vizuri, akacheka. Mashine za chapa alizojifunzia hazikuwa na kitufe cha moja; waliandika herufi l ndogo, na kidole kilikuwa kimekwenda kulekule. Akarekebisha: 5V1, nukta. “Sawa,” ikajibu mashine. Skrini ya pili, ya tatu, ya nne. Sawa, sawa, sawa. Halafu sauti.

Maharusi walipoingia, bibi Tabea alikuwa anawatazama kutoka kuta zote nne, kilemba kichwani.

“Kamwene!” akasalimia.

“Kamwene!” ukumbi mzima ukaitikia. Rejoice akaziba uso kwa mikono, akilia na kucheka.

“Usilie, utaharibu poda,” bibi alisema. “Haya, huyo mume nimemwona, amependeza. Sasa nionyesheni chakula.”

Watu wakaangua kicheko. Dorosela akaandika amri moja, picha ya kamera iliyoelekea meza ya chakula ikapelekwa kwenye simu ya bibi, naye akakagua sufuria moja baada ya nyingine na kuuliza kwa nini kuku ni wachache. Mpaka saa kumi na moja Dorosela alikuwa hajanyanyuka, na hakupata “kosa” jingine hata moja.

Jumatatu Anthony alifika na vitufe vipya. Alipomwona Dorosela akiandika bila kutazama vidole, aliweka bisibisi chini.

“Mama, ninahudumia kumbi tatu Njombe zenye mashine kama hii, na waendeshaji wanaogopa waya. Utakuja kufanya kazi nami?”

Dorosela alikuwa na miaka sitini na moja. Alitaka kujibu taratibu, kama mtu anayefikiri, lakini akajikuta anatabasamu mpaka masikioni.

“Nitakuja,” alisema. “Ila Jumapili siandiki.”