Manjano Ndani ya Bwawa la Begum Tahira

Karam Din alikuwa amechoka uchovu wa kutisha. Hata kivuli chake kilikuwa kinamtangulia kwenda kukaa. Miaka kumi na minane alikuwa akitunza bwawa la kuogelea la nyumbani kwa bibi tajiri, Begum Tahira, pale Lahore, na klorini ilishamla nyusi zote mbili. Mbu aliyemuuma alikufa palepale, ila alikufa msafi.

Alhamisi hiyo alikuwa na jambo moja tu kichwani: basi la saa kumi jioni. Kijijini ngano ilikuwa imeiva, mkewe Zohra yuko peke yake na mundu, na mawingu ya mvua ya mawe yameanza kuchungulia. Begum alikuwa amempa ruhusa ya siku kumi kwa sharti moja. Nyumbani kulikuwa na harusi ya binti yake, na mchana wangekuja watu wa bwana harusi kuogelea. Maji yakiwa sawa, Karam Din aende zake.

Basi asubuhi akachota maji kwenye kichupa, akadondosha matone matano ya dawa ya kupimia, akatikisa, akakiinua kando ya kikadi chake cha kulinganishia rangi. Maji yakibaki meupe, klorini hamna. Yakiwa njano hafifu, watu waoge. Yale yalikuwa njano kama kiini cha yai.

"Ya Mungu," akasema, "nimemwaga ndoo nzima usingizini?"

Hakukumbuka. Siku tatu hizo za harusi hakukumbuka hata kama alikula. Klorini ikizidi namna ile huchoma macho, na dawa yake ni kusubiri jua liinywe. Akakaa kwenye ngazi akasubiri.

Begum akatoka, bangili zinalia mpaka kwenye viwiko. "Baba Karam, umekaa? Wageni wako njiani!"

"Dawa imezidi, Begum Sahiba. Nasubiri ipungue."

"Umezidisha! Uzee sasa umekufika mikononi."

"Mikononi ulishapita, Begum. Hivi sasa uko magotini."

Saa tatu akapima, njano. Saa tano, njano vilevile. Jua la Lahore huweza kunywa klorini ya bwawa zima likaomba nyingine, lakini siku hiyo lilikuwa kana kwamba limefunga saumu. Wageni wakafika. Watoto wao wakajipanga ukingoni, miguu inaning'inia. Bi Firdaus, shangazi wa bwana harusi, mwanamke aliyejaza kiti cha watu wawili, akachovya mguu mmoja kwenye maji akapaza sauti:

"Babu wee! Haya maji unayapika? Yataiva lini?"

Karam Din akachota tena. Akatikisa, akainua. Njano. Akanyoosha mkono afunge chupa ya matone, akaikuta imefungwa tangu mwanzo. Kwa uchovu alikuwa amesahau kabisa kutia matone, na maji yalikuwa njano hivyohivyo.

Akakinusa kichupa. Kisha akakumbuka jana jioni. Walikuwa wanampaka bibi harusi manjano, kama ilivyo desturi. Wasichana wakawafukuza kaka zake na mabeseni ya manjano yaliyokorogwa na mafuta, vijana wakajitupa bwawani na nguo zao, na mabeseni yakawafuata. Hakuna aliyeona maji yamebadilika, kwa sababu Begum mwenyewe alichagua vigae vya rangi ya dhahabu, na bwawa lile huonekana njano hata Mungu akiliumba upya. Klorini iliyokuwemo ilishaliwa yote na uchafu huo. Haikubaki hata chembe.

Akamwendea Begum, akamweleza.

"Sikiliza," Begum akamnong'oneza, akitabasamu kuelekea kwa wageni. "Kadi inataka njano. Mimi naona njano. Wewe unaona njano. Chukua mzigo wako, nenda kavune."

Ilikuwa saa sita na nusu. Mzigo wake ulikuwa tayari mlangoni, umefungwa tangu juzi. Magoti yote mawili yalikwishakubali safari. Karam Din akaitazama ile miguu midogo inayochezesha maji yenye jasho la watu arobaini.

"Hii njano si ya dawa, Begum," akasema kwa sauti, maana hakuwa na nguvu ya kunong'ona. "Ni mchuzi. Mtoto akiunywa, harusi yote itahamia chooni."

Bi Firdaus akautoa mguu wake kama umeumwa na kaa.

"Basi hutoki hapa," Begum akasema, uso umemwiva, "mpaka yawe sawa."

Karam Din akamimina klorini polepole, akiuzunguka ukingo ndoo baada ya ndoo. Akasafisha chujio la pampu mara tatu. Saa kumi ikamkuta amepiga magoti kwenye vigae. Hakuinua kichwa.

Kesho yake asubuhi akapima kwanza bila matone: meupe. Akatia matone: njano hafifu, ya kikadi hasa. Akajitwisha mzigo. Upande wa kijijini mbingu zilikuwa nyeusi.

"Baba Karam!" Begum akaita kutoka ghorofani. "Yamekuwa kioo! Sasa sikiliza, leo jioni ni hina, na vijana wanasema wata..."

Karam Din hakugeuka. Miaka kumi na minane masikio yake yalikuwa yakiingia maji, na asubuhi hiyo, kwa bahati, yakaziba yote mawili kwa pamoja mpaka alipofika kituo cha basi.